Mkutano wa Maskauti Vijana wa Dunia: Je, Mkulima Amruhusu Mwanawe?

Katika skimu zetu za Gede, Mtondia, Ngerenya, Tezo-Roka na Magarini, kijana aliyetimiza miaka 18 si mtoto tena. Ni mkono wa kazi. Ndiye apandaye mnazi, ndiye atiaye magunia mgongoni, na akiwa msichana ndiye aamkaye kabla ya jogoo kwenda kuchota maji, kisha akaingia palizi kama mtu mwingine yeyote. Basi siku kijana huyu amjiapo mzazi wake na kusema ataka ruhusa ya majuma mawili katika mwezi wa Julai, aende kupiga kambi na vijana wa nchi za ng'ambo, si ajabu mzazi akauliza: Kwenda kufanya nini huko? Na mahindi yatavunwa na nani? Na fedha zitatoka wapi?

Maswali hayo ni ya haki. Kuna mzazi akataaye bila kusikiliza, na kuna mzazi akubaliye bila kuuliza, na wote wawili hawamsaidii kijana. Makala haya yataka kueleza mkutano huo ni kitu gani, umetoka wapi, na ni mambo gani ambayo mkulima yafaa ayapime kabla ya kusema ndiyo au la.

BARAZA LA VIJANA

Kwanza lenyewe. Maskauti wa dunia wana mikutano mikubwa ya namna mbili, na watu wengi huichanganya. Ule wa wavulana na wasichana wa miaka 14 hadi 17 huitwa Jamboree, na ndio unaosikika sana. Wa pili ni wa vijana waliokwisha kuwa watu wazima, tangu miaka 18 hadi 25 au 26, kwa kadiri ya tarehe ya kuzaliwa. Huo Waingereza huuita Moot, nalo ni neno la kale sana katika lugha yao, maana yake baraza la wenyeji wanaokutana kuamua mambo yao. Mzee wa Kigiriama akielezwa maana hiyo hatahitaji mfano mwingine, maana atakumbuka moro wa kaya, mahali wazee walipokaa kufanya shauri.

Hapa Kenya maskauti wamegawanywa kwa umri. Wadogo kabisa ni Sungura, kisha Chipukizi, kisha Mwamba, na wa mwisho ni Jasiri, yaani hao wa miaka 18 kwenda juu. Mkutano tunaousema ni wa Jasiri. Wavulana na wasichana wote wamo. Kazi yao kubwa, kwa desturi ya chama chao, ni utumishi: kusaidia watu wengine bila kulipwa, na kujisimamia wenyewe bila kuongozwa kama watoto wa shule.

Aliyeanzisha uskauti alikuwa mwanajeshi Mwingereza, Baden-Powell. Mwaka 1907 alichukua wavulana 20 hivi, wengine wa matajiri na wengine wa maskini, akapiga nao kambi katika kisiwa cha Brownsea huko Uingereza. Kabla ya hapo alikuwa amepigana vita vya kikoloni katika Afrika, na jambo hilo halina haja ya kufichwa. Wazee wetu waliomkumbuka Mekatilili wa Menza na vita vya Wagiriama vya mwaka 1914 walikuwa na sababu yao ya kuitazama nguo ya kaki kwa jicho la mbali. Lakini uskauti ulikua ukamwacha nyuma askari aliyeuzaa, na leo uko karibu katika kila nchi ya dunia, na katika nchi nyingi za Afrika wenye chama ni wenyeji wenyewe.

Wale wavulana wa kwanza walipokua walitaka jambo la kufanya, na mwaka 1918 likaanzishwa tawi la vijana wakubwa. Mkutano wao wa kwanza wa dunia ulifanyika mwaka 1931 katika Kandersteg, kijiji cha milimani Uswisi. Wa pili ulikuwa Sweden mwaka 1935. Wa tatu ulikuwa Scotland mwezi wa Julai 1939, majuma machache tu kabla ya Vita Kuu ya Pili kuanza. Haukufanyika mwingine hata mwaka 1949, huko Norway. Miaka 10 ikapita hivyo, na kijana aliyekuwa na miaka 20 katika kambi ya Scotland alikuwa na 30 mkutano uliofuata ulipofunguliwa.

DUNIA ILIPOKUJA NAIROBI

Kwa miaka mingi kijana wa Afrika aliyetaka kwenda katika baraza hili ilimlazimu kuvuka bahari. Mwaka 2010 mambo yakageuka. Mkutano wa 13 ulifanyika hapa Kenya, katika kambi ya maskauti ya Rowallan mjini Nairobi, tangu tarehe 27 Julai hadi tarehe 7 Agosti. Ulikuwa wa kwanza wa namna hiyo katika bara la Afrika. Mwaka huo pia ulikuwa wa 100 tangu uskauti ulipoingia Kenya, mwaka 1910.

Mkulima aliyewahi kwenda kuona maonyesho ya kilimo ya Jamhuri hajaiacha mbali kambi ya Rowallan, maana iko upande huo huo wa mji, karibu na msitu wa barabara ya Ngong. Jina lake ni la bwana mmoja wa Scotland aliyekuwa Skauti Mkuu tangu mwaka 1945 hadi 1959. Ni mahali pa miti na majani, na mwezi wa Julai ni mahali pa baridi. Jambo hili watu wa Malindi hulidharau mpaka usiku wa kwanza. Hapa kwetu kusi ikivuma twasema kuna baridi, tukajifunika leso moja. Katika hema la Nairobi, Julai, leso moja haifai kitu; anayekwenda na achukue sweta, soksi na blanketi nzito.

Yafaa tukumbuke Kenya ilikuwa katika hali gani wakati ule. Ilikuwa miaka 2 na nusu tu tangu fujo zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, ambazo picha zake zilienea duniani kote. Nchi iliyoonekana katika picha hizo ndiyo iliyoalika vijana wa dunia kuja kulala chini ya hema. Tena siku ya 4 Agosti, kambi ikiwa bado haijavunjwa, Wakenya walipiga kura ya maoni juu ya Katiba mpya. Wageni walikuwa wamelala umbali wa matembezi tu kutoka mitaa ya Kibera, siku ile watu walipopanga mistari kupiga kura, na kura ikapita kwa amani. Ni kura hiyo iliyoleta serikali za kaunti, na kwa ajili yake wilaya za Kilifi na Malindi zikaja kuwa kaunti moja mwaka 2013. Wako vijana wa ng'ambo waliokuja kutazama simba, wakapata kuona na jambo lile.

Kwa maskauti Kenya ina jambo lingine ambalo nchi nyingine haina. Baden-Powell alikuja kukaa Nyeri mwaka 1938 alipokuwa mzee, katika nyumba ndogo iitwayo Paxtu, ndani ya kiwanja cha hoteli ya Outspan. Akafa huko tarehe 8 Januari 1941, akazikwa Nyeri, Mlima Kenya ukiwa mbele yake. Juu ya jiwe la kaburi imechorwa duara yenye nukta katikati. Katika alama ambazo maskauti huachiana njiani, maana yake ni kwamba mwenye kuiweka amekwisha kwenda nyumbani. Maskauti wa Kenya hukusanyika Nyeri kila mwaka mwezi wa Februari, siku ya kuzaliwa kwake. Twataja jambo hili kwa sababu ya gharama pia: kijana wa Magarini asiyeweza kwenda Ulaya aweza kwenda Nyeri kwa basi, na akakutana huko na vijana wa Kenya nzima. Si mkutano mdogo huo.

MIKUTANO ILIYOFUATA

Baada ya Nairobi mkutano ulifanyika Canada mwaka 2013, kisha Iceland mwaka 2017. Ule uliokuwa ufanyike Ireland ulivunjwa kwa sababu ya ugonjwa wa Korona, na uliofuata ukawa wa Ureno, tangu tarehe 25 Julai hadi 3 Agosti mwaka 2025. Hiyo miwili ya Iceland na Ureno twataka kuisema zaidi kidogo, maana ndani yake mna mambo ya kilimo, ijapokuwa matangazo yake hayakusema hivyo.

Desturi ya sasa ni kwamba vijana hawakai na watu wa nchi yao. Huchanganywa katika vikundi vidogo, Mkenya na Mfaransa na Mmexico na Mtaiwani pamoja, wakapewa hema zao na vyakula vyao na kuambiwa wajipikie. Huko Iceland walikuwa karibu 5,000. Kwanza walitawanywa sehemu mbalimbali za nchi kwa siku kadhaa, wakitembea kwa miguu na kufanya kazi za kuwasaidia wenyeji, kisha wote wakakusanyika kambi moja. Hii ni kama mweria wetu wa kulima, ila tofauti ni kwamba katika mweria wote wajuana na wote wajua jembe. Hapa mmoja hajui kuwasha moto wa kuni, mwingine hajui kula sima, mwingine hali nyama, na sufuria ni moja. Atakayeweza kukipatanisha kikundi cha namna hiyo hatashindwa na kamati ya maji ya skimu.

Sasa jambo la Iceland. Ni nchi ya baridi, ya barafu na milima ya moto, na Julai usiku wake ni mfupi mno. Watu walipohamia huko zaidi ya miaka 1,100 iliyopita walikuta misitu katika sehemu kubwa ya nchi. Wakakata miti kwa kuni na makaa, wakaachia kondoo wakala machipukizi, na karibu misitu yote ikaisha. Upepo ukaupeperusha udongo, mahali pengine pakabaki mawe na mchanga mweusi. Mwaka 1907, mwaka ule ule wa kambi ya Brownsea, nchi hiyo ilitunga sheria ya kuhifadhi udongo na kupanda miti, na tangu hapo wanahangaika kuurudisha udongo uliokwenda zake. Kijana aliyetoka sehemu za Ganze au ndani ya Magarini, ambako makaa yamekula miti mpaka mbuzi hana kivuli, akisimama katika nchi kama ile hahitaji hotuba ya Bwana Shamba. Aweza kuona kwa macho yake shamba litakavyokuwa.

Na Ureno je? Hapo ni sisi watu wa Malindi tulio na hadithi. Wareno walikuja kwetu Aprili mwaka 1498, Vasco da Gama na merikebu zake, na mfalme wa Malindi akawapa rubani wa kuwafikisha Calicut katika Bara Hindi. Nguzo yao ya mawe ingali imesimama juu ya mwamba wa bahari. Baadaye waliutesa mwambao huu muda mrefu. Lakini ni wao pia walioleta kutoka Brazil mkorosho, na ni kwa merikebu zao mahindi na mihogo kutoka Amerika ilianza kufika Afrika. Toa vitu hivyo vitatu katika shamba lolote la Tezo au Mtondia, uone kitakachobaki.

Wametuachia na maneno. Meza ni neno lao, na bendera, na gereza, na leso. Leso kwao ni lenço, na hilo ndilo jina ambalo maskauti wa Ureno huiita skafu yao ya shingoni. Vijana katika mikutano hii wana desturi ya kubadilishana skafu na beji. Msichana wa Malindi akimpa skauti wa Ureno leso ya mama yake na kumtajia jina lake, atakuwa amemrudishia mwenyewe neno lake baada ya miaka 500. Wakati huo huo ajihadhari na jambo moja: katika nchi za Ulaya mgeni haruhusiwi kuingiza nyama wala maziwa, hata ya kujilia mwenyewe. Kitoweo cha mama kibaki nyumbani.

Lakini cha kuonwa zaidi na mkulima huko Ureno ni mti wa koki, yaani mti ambao gome lake hufanyiwa vizibo vya chupa. Ureno hutoa karibu nusu ya koki yote ya dunia. Mti huu haukatwi. Hungojewa miaka kama 25 kabla ya gome la kwanza kubanduliwa, halafu hubanduliwa kila baada ya miaka 9, na mti huendelea kuishi hata miaka 150 na zaidi. Aupandaye ajua kwamba watakaokula sana ni wajukuu. Sisi tulio na minazi iliyopandwa na babu zetu, na mikorosho mizee tuliyoiacha bila kupogolewa wala kupigwa dawa ya ukungu, tukikata mmoja mmoja kuchoma makaa, tuna la kujifunza kwa watu hao. Kijana akitumwa huko, na atumwe kwa maneno haya: nenda kaone mti wa koki, uniletee habari za namna wautunzavyo.

FEDHA

Hapa ndipo wengi hukwama. Tuseme kijana wa Ngerenya amefika nyumbani jioni.

"Baba, chama kimetangaza mkutano wa dunia. Nataka kuandikisha jina."

"Vema, mwanangu. Ni kiasi gani?"

"Kuna ada ya mkutano, Baba, na kuna nauli ya ndege."

"Hizo ni mbili. Na pasi ya kusafiria? Na viza? Na nguo za baridi?"

"Nazo pia."

"Basi andika zote katika karatasi moja, na tarehe za kulipa, kisha tukae na mama yako tuzungumze."

Baba huyo amefanya vizuri. Ada ya mkutano hupangwa kwa kadiri ya hali ya nchi, hata kijana wa nchi isiyo tajiri hulipa pungufu kuliko wa nchi tajiri, na kwa kawaida hulipwa kwa mafungu. Lakini nauli ya ndege haimo katika ada, na nauli haimwangalii mtu hali yake. Nauli ya kwenda Ulaya na kurudi peke yake yaweza kukaribia bei ya ng'ombe mzuri wa maziwa.

Kwa hiyo twasema wazi: hati ya shamba isiwekwe rehani kwa safari hii, wala fedha za kulipia deni la skimu zisiguswe. Mkutano ni wa siku 10, na shamba ni la miaka yote. Wala ng'ombe wa maziwa asiuzwe. Kijana wa miaka 18 na zaidi aweza kujitafutia sehemu kubwa ya fedha hizi mwenyewe, na kwa kweli ndivyo chama chake kimfundishavyo.

Chukua mfano wa mvinje. Hapa pwani mvinje ukitunzwa hutoa boriti katika miaka 4 au 5. Na mikutano hii, isipoharibiwa na ugonjwa au jambo jingine, hufanywa kila baada ya miaka 4. Basi mti na mkutano vyaenda mwendo mmoja. Kijana aliye Mwamba leo, mwenye miaka 16, akipewa na baba yake robo eka ya ardhi isiyofaa mahindi, akapanda kwa nafasi ya hatua mbili mbili, atapata miti 250 hivi. Mwaka wa kwanza aweza kupanda kunde katikati. Akifika miaka 20 au 21 atakuwa na boriti za kuuza. Huenda zisitoshe nauli yote, lakini mwenye kuleta boriti zake mwenyewe husikilizwa na jamaa anapoomba kilichobaki. Wengine waweza kufanya kitalu cha miche ya miembe na mikorosho iliyobebeshwa, au kuku wa kienyeji. Na walio karibu na msitu wa Arabuko-Sokoke wajua kazi ya vipepeo ya Kipepeo pale Gede, iliyoanza mwaka 1993, ambapo wakulima hufuga viwavi na kuuza mabuu yapelekwayo ng'ambo. Kwa hiyo vipepeo wa Gede wamepanda ndege kwenda Ulaya kabla ya vijana wetu wengi.

Ipo na njia ya vijana kuchangiana, watume mmoja wao. Ni njia nzuri, mradi wakubaliane mapema, na kwa maandishi, kwamba atakayekwenda atarudi na kuwaeleza wenzake, tena atafanya kazi fulani katika skimu. La sivyo huishia katika ugomvi.

JIHADHARI NA WAONGO

Jambo hili lashikwe na kila mzazi. Hakuna kijana awezaye kujipeleka mwenyewe katika mkutano huu. Majina yote hupitia chama cha maskauti cha nchi, na kwa Kenya ni Kenya Scouts Association. Mtu akija nyumbani kwako, awe amevaa skafu au hakuvaa, akasema atoe jina la mwanao kwa njia yake mwenyewe, ukimpa kidogo leo na kidogo kesho, mfukuze. Fedha zilipwe kwa chama, na risiti iwekwe mahali panapowekwa hati ya shamba.

Na mtu akisema kwamba kijana akifika huko atapata kazi na kubaki, huyo hasemi habari za uskauti. Ofisi za ubalozi huuliza swali moja katika namna nyingi: Je, huyu atarudi? Kijana mmoja asiporudi, mlango hufungwa mbele ya watano wanaomfuata. Kijana mwenye shamba la mvinje, mwenye kikundi kinachomngoja, mwenye barua ya chama na ya chifu, ana jibu la kweli la swali hilo.

MAVUNO NA KAZI ZA NYUMBANI

Turudi katika swali la mahindi. Mkutano wa Nairobi, na wa Iceland, na wa Ureno, yote mitatu ilianguka katika majuma yale yale, mwisho wa Julai na mwanzo wa Agosti. Kwetu ndio wakati wa kuvuna mahindi ya masika. Aliyepanda Coast Composite mwishoni mwa Aprili atakuwa shambani Agosti, kwa maana mbegu hiyo yataka miezi 4 hadi 5. Lakini mbegu ya Pwani Hybrid, PH1, hukomaa kwa miezi 3 hadi 4. Nyumba inayojua kwamba kijana atasafiri Julai na itayarishe shamba mapema, ipande mbegu ya upesi kwa mvua ya kwanza ya mwisho wa Machi au mwanzo wa Aprili, na kijana mwenyewe avune na kupandisha mahindi ucha­gani kabla hajafunga mzigo. Hii ni faida hata kama safari itavunjika, kwa sababu anayepanda kwa mvua ya kwanza pwani hii hajuti mara nyingi.

Kwa wasichana shida huwa nyingine. Mama aweza kuona fahari binti yake kuchaguliwa, lakini maji na kuni na wadogo zake vitamwangukia yeye mama. Sioni sababu ndugu zake wa kiume wasichote maji majuma mawili. Mikono wanayo, na kisima ni kile kile. Kuhusu usalama, mzazi ana haki ya kumwuliza kiongozi wa maskauti: ni nani mwanamke mkubwa atakayefuatana na wasichana, watalala wapi Nairobi kabla ya kupanda ndege, na simu ya nani itapokewa usiku? Kiongozi mwema hachukii kuulizwa hivyo. Akichukia, umepata jibu.

Juu ya dini, mkutano huu si wa dini moja. Skauti huahidi kumtumikia Mungu, kila mtu kwa imani yake, na Waislamu, Wakristo na wengine hukaa pamoja kambini.

AKIRUDI

Kijana atarudi na skafu za rangi saba na picha nyingi katika simu, na kwa juma zima atasema hadithi. Mwacheni aseme. Halafu aitwe katika mkutano wa wakulima, siku ambayo watu wamekuja kwa jambo jingine kama vile mbegu au maji, apewe nusu saa. Aulizwe maswali ya shamba: wale watu hupanda nini? Mvua yao ikoje? Mkulima wa huko akiwa na eka 5 anaweza kuishi? Bei ya mazao huamuliwa na nani? Kijana ajuaye kwamba ataulizwa maswali haya atatazama kwa macho mengine huko aendako, tofauti na yule ajuaye kwamba ataulizwa juu ya ndege tu.

Tena vikundi vya Jasiri havingoji mkutano wa dunia ndipo vifanye kazi. Iko mikoko ya hori la Mida inayotaka kupandwa palipokatwa, iko miche ya miti katika shule za skimu inayokufa kila likizo kwa kukosa wa kuimwagilia, wako wazee wasioweza kupanda minazi yao. Kijana ambaye kazi hizi zimeandikwa katika daftari lake, na kutiwa sahihi na kiongozi wake, ana la kuonyesha chama kinapotazama nani anafaa kutumwa.

Sasa juu ya karatasi, maana safari nyingi hufia hapo. Pasi ya kusafiria haipatikani bila kitambulisho cha taifa na cheti cha kuzaliwa, na katika skimu zetu wako vijana wengi waliozaliwa nyumbani ambao cheti hawajakipata mpaka leo. Kukitafuta kwaweza kuchukua miezi, na maombi ya viza ya nchi za Ulaya hayapokewi bila pasi. Mwenye kijana wa miaka 16 au 17 katika uskauti asingoje tangazo la mkutano. Akipita Kilifi mjini au Malindi kwa shughuli nyingine, na aulizie cheti hicho siku hiyo hiyo.